Rafiki yako kajifungua njiti: cha kufanya kuanzia ujumbe wa kwanza mpaka siku za kliniki

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga Dar es Salaam, huu mwaka wa 11. Karibu kila wiki kuna mtu ananivuta pembeni kwenye korido, kikapu mkononi: "Sista, nimemletea shoga yangu hivi vitu, sijui kama vinafaa." Nikifunua nakuta maziwa ya kopo, chupa ya kunyonyea, poda inayonukia na gauni la mtoto wa miezi mitatu. Hakuna hata kimoja kinachoingia wodini. Mwongozo huu nimemwandikia yeye.

Kabla ya yote, ulizia wiki, usiulizie kilo. Mtoto ni njiti akizaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Wa wiki 35 anaweza kutoka baada ya siku chache. Wa wiki 27 huenda akakaa miezi miwili au zaidi. Ukishajua wiki, utajua unajipanga kwa muda gani, na wengi hapo ndipo wanapokosea: wanamaliza nguvu zote wiki ya kwanza.

Hatua ya 1: Tuma ujumbe, usipige simu

Watu hukwama hapa: niseme hongera au pole? Sema vyote viwili, hongera itangulie. Huyu mama kapokea pole nyingi mpaka anaanza kujiona kama aliyefiwa, wakati mtoto wake yupo anapumua. Andika hivi:

"Hongera shoga yangu kwa kujifungua, na pole kwa mtihani. Usihangaike kunijibu. Kesho muda wa kuona wagonjwa nitakuwa getini na chakula, nitampa baba yake."

Ujumbe huu hauna swali hata moja, na nimekusudia. Mama kanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko; kila akishika simu anaanza upya kunawa.

Usiulize ilikuwaje, alibeba ndoo au alikula nini. Yaweza kuwa presha ya mimba, maambukizi, mapacha, chupa kupasuka mapema, na mara nyingi hata sisi wa wodini hatuambulii sababu. Kuhusu mkono wa mtu na jicho la jirani, hayo kama unayo yaache hukohuko nyumbani.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Binamu yangu alijifungua wiki ya 30, hospitali nyingine. Kila asubuhi nilimtumia ujumbe: "Leo ana gramu ngapi?" Niliuliza kama muuguzi. Siku ya tano akanijibu, "Dada, wewe ni wa tisa kuniuliza leo, na kapungua tena." Nilijua fika kwamba karibu watoto wote hupungua uzito siku za mwanzo, na kwamba njiti anaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuurudia ule aliozaliwa nao. Nilijua, na bado nilimfanya atangaze hasara kila kukicha.

Hatua ya 2: Apatikane msemaji mmoja

Dada yake, shemeji, au wewe. Habari zote zipitie kwake, yeye ndiye aandike kwenye kundi la WhatsApp mara moja kwa siku au hata kwa siku mbili. Picha za mtoto zisisambazwe bila wazazi kuridhia. Basi.

Hatua ya 3: Elewa kazi anayofanya mama humo ndani

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na bila hiyo hutajua umsaidie nini. Wengi hudhani mtoto yuko kwenye mashine na mama amekaa tu anasubiri. Hasubiri. Anakamua maziwa mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, ili yasikauke. Siku za mwanzo anatoa matone ya njano tu, na matone hayo ni dhahabu. Mtoto wa kilo moja na ushee anaweza kuanza na mililita 2 kwa mlo, ambazo hata nusu kijiko cha chai hazifiki. Anapewa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni, kwa kuwa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 34 hivi. Baada ya saa mbili au tatu, zamu nyingine.

Halafu kuna kubeba kangaruu. Mtoto anavuliwa nguo zote, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anasimamishwa katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Khanga inapita juu yao, ukingo wake wa juu unafika chini ya sikio la mtoto, inakazwa kiasi kwamba mama akisimama mtoto hatelezi. Mpango huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa haba, lakini usidhani ni dawa ya masikini. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2021, ulihusu watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa kwanza watulie. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku.

Hebu piga hesabu. Saa zaidi ya nane mtoto kifuani, kukamua mara nane, kunawa kila mara, na mwili wenyewe umetoka kujifungua juzi, pengine kwa upasuaji. Huyu mtu hana mkono wa kufulia. Kila utakachofanya kipime kwa swali moja: je, kitamwongezea muda wa kubeba na kulala, au kitampunguzia?

Hatua ya 4: Peleka vinavyotumika

Khanga kuukuu, laini, doti mbili au tatu. Ukinunua mpya, ifue kwanza mpaka wanga utoke, kwani khanga mpya ni ngumu na inateleza. Kofia ndogo ya kufuma, ndogo kweli: kichwa cha njiti wengi ni kama chungwa kubwa, kofia ya kawaida inamfunika mpaka mdomoni. Ndara, sabuni ya kipande isiyo na manukato, pedi, taulo, mswaki. Mablauzi ya mama yanayofunguka mbele.

Chakula kiwe cha kushibisha na cha majimaji: mtori, uji, supu, wali na maharage, mchicha, matunda. Kiweke kwenye makopo ya siagi yasiyo na mwenyewe. Hotipoti nzuri ni mzigo, maana mama ataanza kuwaza atairudishaje.

Maziwa ya kopo usipeleke, hata kama mama analalamika hayatoki. Tumbo la njiti ni changa, na maziwa ya kopo yanamwongezea hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo. Kama yatahitajika, daktari atasema.

Hatua ya 5: Tuma hela, na ya kutolea

Kumwambia "ukihitaji chochote niambie" ni kumpa kazi nyingine. Hataomba. Rusha kiasi ulichonacho, ongeza na ya kutolea, andika "nauli ya baba" au "bando". Kidogo kila Ijumaa kwa wiki sita kinasaidia kuliko mchango mmoja mkubwa wa siku ya pili.

Kama ameajiriwa Tanzania, msaidie pia jambo la ofisini. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho, na tangu 2025 mama aliyejifungua njiti anastahili muda wa ziada juu ya likizo ya kawaida ya uzazi. Wengi hawajui. Chukua karatasi ya hospitali yenye idadi ya wiki, mpelekee afisa utumishi.

Hatua ya 6: Mkumbuke baba

Utamkuta kwenye benchi nje, katumwa dawa, karudi, katumwa tena. Watu wote wanamuuliza hali ya mama na mtoto. Muulize, "Wewe umekula?" Kisha mwambie kwamba wodi nyingi zinamruhusu baba naye kubeba kangaruu, ila aombe. Nimeona wanaume wanaotetemeka wakipewa mtoto, na dakika kumi baadaye wamesinzia wote wawili. Kama kuna watoto wakubwa nyumbani, wachukue wewe Jumamosi nzima ili yeye apate hiyo nafasi.

Hatua ya 7: Habari zikibadilika

Njiti hapandi moja kwa moja. Leo katolewa oksijeni, kesho karudishwa. Anaweza "kusahau" kupumua kwa sekunde kadhaa, sisi tunamgusa unyayo, anakumbuka. Anaweza kupata manjano akawekwa chini ya taa ya bluu. Ukisikia hivyo usimwage machozi kwenye simu, wala usimwambie "atapona tu, mbona wa fulani alipona." Sema "nipo," halafu uwepo.

Wengine hawarudi nao nyumbani. Ikitokea, nenda msibani kama misiba mingine, mtaje mtoto kwa jina lake, na neno "utapata mwingine" lisikutoke.

Hatua ya 8: Wakirudi nyumbani

Hapa ndipo wageni humiminika, na hapa ndipo mtoto anapohitaji watu wachache zaidi. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiende. Usiye na mafua, nawa mikono, vua pete, acha manukato, salimia ukiwa barazani, usimbusu. Fua nguo, chota maji, pika, ondoka. Mama aendelee kubeba kifuani hata nyumbani.

Ukikuta jiko la mkaa limewekwa chumbani ili mtoto apate joto, litoe nje hapohapo na ufungue dirisha. Moshi wake usioonekana unaua. Na ukimwona mtoto ameacha kunyonya, anapumua kwa haraka au mbavu zinabonyea, amepoa miguu na tumbo, ana homa, degedege au manjano yamefika nyayoni, usisubiri asubuhi. Mtoto awekwe kifuani, mwende hospitali.

Usimlinganishe na wa jirani. Aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, akiwa na miezi sita mtazame kama wa miezi minne. Sisi kliniki tunahesabu hivyo mpaka anakaribia miaka miwili.

Na kliniki zenyewe ni nyingi: uzito, chanjo, macho, maendeleo ya mwili. Muulize tarehe, ziandike kwenye simu yako. Siku hiyo fika mapema, beba wewe mkoba na kadi, ukashike foleni. Yeye amebeba mtoto.