Kusanifu programu ya ratiba ya masomo isiyokufa wiki ya tatu ya muhula

Wanafunzi wengi wa chuo hupakua programu ya ratiba wiki ya kwanza, wakaipamba kwa rangi, wakaitelekeza kabla ya majaribio ya kwanza ya darasani. Programu nyingi za aina hii humfaa mtu ambaye siku yake huenda kama alivyoiandika. Kampala nani ana siku hiyo? Mhadhiri anaahirisha kipindi kwa ujumbe wa WhatsApp, umeme unakatika hosteli nzima, mvua ya saa kumi inafunga barabara ya Bombo. Kwa hiyo kabla ya kuchora skrini hata moja, amua programu yako itafanya nini mpango ukivurugika.

Hatua ya 1: Uliza ya jana

Usimuulize mwanafunzi anataka programu ya namna gani, maana atakutajia vitu ambavyo hatavigusa. Mwombe akusimulie siku ya jana tangu alipoamka. Chora safu mbili: alichopanga na kilichotokea. Tafuta anayelala bwenini, aliyepanga chumba Kikoni, anayetoka Mukono kwa taksi kila asubuhi, na anayesoma vipindi vya jioni baada ya kazi. Pita na Kansanga pia, kwa Wakenya na Watanzania wanaosoma huko. Hao ndio watakaokusahihishia Kiswahili cha vitufe.

Hatua ya 2: Tenganisha aina tatu za muda

Kwenye hifadhidata, weka majedwali matatu. La kwanza ni vipindi: mihadhara na maabara, ambavyo mwanafunzi hana mamlaka ya kuvihamisha. La pili ni kazi zenye tarehe ya mwisho. La tatu ni saa za kujisomea, na hizo tu ndizo programu inaruhusiwa kuzisogeza. Ukivichanganya vyote vikawa masanduku ya rangi kwenye kalenda, hatua ya 4 haitawezekana.

Tarehe nyingine unaweza kuzivuta zenyewe. Mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Makerere, MUELE, umejengwa juu ya Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, na Moodle humruhusu mtumiaji kutoa kalenda yake kwa muundo wa iCalendar, faili ambayo programu nyingine za kalenda huweza kuisoma. Lakini kazi nyingi hutangazwa kwa mdomo darasani wakati watu wanafunga mabegi, kwa hiyo kuingiza kazi mpya kusizidi miguso mitatu: kozi, aina, tarehe.

Urefu wa muhula mwachie mwanafunzi aujaze, na aweze kuubadilisha katikati. Chuo kikifungwa ghafla, tarehe zote zisogee pamoja.

Hatua ya 3: Usiamini makadirio

Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wangechukua muda gani kumaliza tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi, lakini kazi yenyewe ilichukua zaidi ya siku 55. Basi akiandika saa 2, mara ya kwanza zidisha kwa 1.5. Baadaye tumia uwiano wake mwenyewe, kozi kwa kozi, maana mtu anaweza kukadiria insha vizuri na kujidanganya kabisa kwenye hesabu. Mwoneshe unachofanya: "Kazi za kozi hii huwa zinakuchukua mara moja na nusu ya ulivyokadiria. Nitenge saa 3?"

Hatua ya 4: Kupanga upya

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Chukua Jumatano ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ana mhadhara saa mbili hadi saa nne asubuhi, na maabara saa nane mchana. Katikati amejipangia takwimu, saa nne na nusu hadi saa sita. Akitoka darasani, wenzake wa mradi wanamkamata, na saa sita na robo ndipo anafungua simu.

Programu nyingi zingemwonesha sanduku jekundu na maneno "Umekosa lengo lako." Yako iandike: "Takwimu imehamia kesho saa tatu asubuhi. Jaribio ni Jumatatu. Bado una nafasi tatu." Chini yake vitufe viwili tu: "Sawa" na "Wakati mwingine".

Kanuni zinazozaa ujumbe huo si nyingi. Kipindi cha kujisomea kilichopitwa kinatafutiwa nafasi ya karibu inayokitosha kabla ya tarehe ya mwisho. Saa za kulala haziguswi. Theluthi moja ya muda huru wa kila wiki inaachwa tupu tangu mwanzo, la sivyo hakutakuwa na pa kuhamishia. Nafasi zikiisha, programu iseme hivyo bila kuzunguka na imuulize kipi kipunguzwe. Isichague kwa niaba yake.

Na zile hesabu za "siku 20 mfululizo bila kukosa", mimi siziweki. Malaria ya siku mbili inaifuta hesabu yote, na programu inafutwa pamoja nayo.

Hatua ya 5: Saa

Simu inaandika 8:00, watu wanasema saa mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiganda vilevile. Hifadhi kwa saa 24, onesha zote mbili, na mtu akiandika "saa 2" muulize ni asubuhi au usiku. Vinginevyo kengele ya mtihani italia usiku wa manane.

Hatua ya 6: Kengele ilie kweli

Tangu Android 6, simu iliyotulia huahirisha kazi za programu ili kuokoa betri. Kwa kengele za vipindi tumia AlarmManager, sehemu ya Android inayopanga kengele, na amri yake ya setExactAndAllowWhileIdle, inayoiliza kwa saa yake hata simu ikiwa imetulia. Android 12 iliongeza ruhusa ya kengele za saa kamili, na kwenye Android 14 programu nyingi mpya hazipewi ruhusa hiyo hadi mtumiaji aiwashe mwenyewe. Android 13 nayo inataka ruhusa ya arifa. Ziombe anapoweka kengele yake ya kwanza, ajue zinahusu nini. Simu ikizimika na kuwashwa, kengele zote zinafutika, hivyo sikiliza BOOT_COMPLETED, tangazo la Android kwamba simu imewaka, uzipange tena. Kwa mji wa kukatika umeme, hilo si jambo dogo.

Kila kitu kikae ndani ya simu na kifanye kazi bila bando. Nakala iende kwenye seva akiwa kwenye Wi-Fi, tena kwa hiari yake. Mahali alipo na namba za marafiki usiziombe. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka uchukue taarifa zile tu unazozihitaji, na ratiba haihitaji hizo.

Hatua ya 7: Ijaribu programu wiki ya majaribio ya darasani

Akaunti ya kuchapishia programu Play Store ni dola 25, mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya programu kutolewa. Kundi la WhatsApp la darasa moja linatosha. Wiki ya kwanza ya muhula usiipoteze kwa hilo, kila mtu huwa na nidhamu wakati huo.

Angalia ni vipindi vingapi vya kujisomea vilivyohamishwa vilikuja kusomwa. Kipindi kikihamishwa mara ya tatu, programu isikihamishe tena. Ipendekeze kukigawa: dakika 25, maswali mawili ya karatasi ya mwaka jana, leo kabla ya chakula cha jioni.