Malipo ya Medicaid yakizuiwa Minnesota: kabla hujaenda mahakamani

Unaendesha wakala wa huduma za nyumbani unaolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, malipo hayakuingia, na imefika barua ya DHS, idara ya huduma za jamii ya jimbo. Angalia kwanza ni barua gani. Adhabu, kama kudaiwa fedha urudishe, hukatiwa rufaa, na rufaa iwe imefika idarani ndani ya siku 30 tangu barua itumwe. Kufika, si kupigwa muhuri wa posta. Malipo yaliyozuiwa kwa muda kwa tuhuma za udanganyifu hayana rufaa ya namna hiyo. Unaruhusiwa kupeleka ushahidi wa maandishi tu.

Wengi hapo hupeleka malalamiko. Peleka karatasi za saa za kazi, mpango wa huduma wa mteja na rekodi za mishahara, zimepangwa kwa tarehe, kila klemu (dai la malipo) na karatasi yake. Kama mfanyakazi anaonekana kwa wateja wawili saa ileile, lieleze mwenyewe kabla hujaulizwa. Kisha omba malipo yaachiwe, yote au sehemu: kanuni ya shirikisho, 42 CFR 455.23, inaruhusu kukiwa na sababu ya msingi, mathalani wewe ndiye pekee unayetoa huduma hiyo maalumu katika eneo lako.

Sasa Katiba. Marekebisho ya 14 yanakataza jimbo kumnyang'anya mtu mali bila utaratibu wa haki. Kesi nyingi hukwama kwenye neno “mali”. Katika Yorktown dhidi ya Perales, 1991, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilisema fedha zilizoshikiliwa wakati wa uchunguzi bado si mali ya mtoa huduma. Kwa hiyo “wamenizuilia hela” haitoshi. Hoja yenye uzito ni zuio lisilo na mwisho, au notisi isiyotaja tuhuma hata kwa jumla.

Usiishitaki DHS yenyewe. Kifungu cha 1983 (ni namba, si mwaka), sheria ya shirikisho inayotumika kushitaki kwa kuvunjiwa haki za kikatiba, humlenga “mtu”, na Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1989 kwamba jimbo si mtu. Anayeshitakiwa ni kamishna, mkuu wa DHS, kwa wadhifa wake, na unachoomba ni amri ya kuanzia sasa kwenda mbele. Malimbikizo kutoka hazina ya jimbo hutayapata katika mahakama ya shirikisho.

Kufungua shauri ni dola 405. Kampuni, hata LLC (kampuni yenye dhima yenye ukomo) ya mtu mmoja, lazima iwe na wakili. Hapo ndipo gharama ilipo. Ukiomba amri ya dharura ya mahakama dhidi ya DHS, hasara ya fedha peke yake kwa kawaida haimshawishi jaji. Mwoneshe salio la benki, mishahara ya wiki mbili zijazo, na wateja wangapi watabaki bila mhudumu, kwa tarehe.

Kama kuna harufu ya jinai, kiapo chochote utakachotia saini kwenye shauri hili kinaweza kusomwa na mwendesha mashtaka. Kisomwe kwanza na wakili wa jinai.