Mbuzi mgeni wa msimu wa korosho: tuidhibiti sotoka kabla haijavuka kata

Korosho zikishauzwa, Mtwara na Lindi hela inatembea na mbuzi nao wanatembea. Huyu ananunua majike mawili ya kufuga, yule anatafuta beberu wa sherehe ya unyago, mwingine kaletewa na mjomba wake kutoka Newala, mnyama kafungwa nyuma ya bodaboda. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza na kuua, hupita njia hiyohiyo.

Wafugaji wa siku nyingi wa Newala na Tandahimba hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 2008 ugonjwa huu ulikuwa Ngorongoro, kaskazini kabisa mwa nchi. Kufikia 2010 ulikuwa umeshaua mbuzi huku kwetu. Waliofuatilia chanzo cha mlipuko wa Tandahimba walikutana na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Virusi vya sotoka havidumu muda mrefu juani, wala havirukii kijiji cha mbali vyenyewe. Vinabebwa na mnyama aliye hai, na mnyama huyo anabebwa na sisi.

Mbuzi mwenye sotoka huanza na homa kali, nyuzijoto 40 hadi 41, akaacha kula na kusimama ameinamisha kichwa. Macho hutoa machozi, pua hutoa makamasi mepesi ambayo baadaye huwa mazito hadi kuziba. Hufuata vidonda kwenye fizi na ulimi, harufu mbaya ya mdomo, kuhara na kukohoa. Wenye mimba huitupa. Wengi wanaokufa hufa ndani ya siku 5 hadi 10, na wanaoumia zaidi ni wadogo.

Hapa ndipo tunapopoteza siku. Mfugaji anasema ni mafua tu, anakwenda duka la dawa za mifugo, anachoma sindano ya oksitetrasaiklini, anasubiri. Dawa hiyo haiui virusi. Inasaidia tu dhidi ya bakteria wanaoingia mapafuni baadaye. Ni kweli homa ya mapafu ya mbuzi nayo inakohoza na kuua, lakini yenyewe haileti vidonda mdomoni wala kuhara. Hata hivyo, si kazi yako kuamua ni ugonjwa gani. Ukiona mbuzi wawili watatu wana homa na makamasi ndani ya wiki moja, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Kupiga simu ukakuta si sotoka hakuna hasara yoyote.

Mweleze una mbuzi wangapi, wagonjwa wangapi, waliokufa wangapi na umri wao. Kisha mjibu swali ambalo wengi hulikwepa: ni mnyama gani mgeni aliingia hapa siku 21 zilizopita, na ni mnyama yupi ametoka hapa, kaenda wapi? Najua kwa nini linakwepwa. Aliyeuza mbuzi juzi anaogopa kudaiwa pesa irudishwe. Lakini jibu hilo ndilo linalomwezesha daktari wa mifugo wa wilaya kumpigia mwenzake wa Masasi au Nachingwea kabla mbuzi hawajaanza kufa huko pia.

Kanda ya Kusini tuna nafuu moja: Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara. Sampuli nzuri ni ute wa macho na pua na damu kutoka kwa mbuzi aliye na homa bado, si yule aliyekwisha kudhoofika kwa kuhara siku nyingi. Isafiri ndani ya boksi lenye barafu. Kwa hiyo usiwauze wala kuwachinja wagonjwa kabla mtaalamu hajafika. Watenge, wafunge, na anayewahudumia asiingie banda la wazima.

Karantini ikitangazwa, manung'uniko hayakosekani, hasa ikiangukia siku ya mnada. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inairuhusu, ila kijiji kimoja kikifungwa huku cha jirani kinauza kama kawaida, tunajisumbua bure. Watendaji wa vijiji vinavyotumia mnada mmoja wakubaliane mapema: likitokea tatizo, minada ya mbuzi inasimama yote kwa pamoja.

Kuhusu chanjo, dozi moja humkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi, na huanza kutolewa kwa watoto wakishafika miezi 3 au 4. Lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikishachanganywa na maji yake itumike upesi, isizungushwe juani mchana kutwa. Kukiwa na mlipuko, timu ianzie vijiji vizima vilivyo pembeni ikielekea ndani, isitoke boma la wagonjwa kwenda la wazima. Wakati mzuri kwetu ni kabla ya korosho kuanza kuuzwa, na Tandahimba na Newala zichanje katika wiki ileile. Mbuzi wa uwanda wa Makonde hawajui mpaka wa wilaya, na baada ya mavuno wengi tunawafungua kamba wakachanganyika.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna ndugu zetu wa Msumbiji, na mbuzi huvuka kwa mtumbwi kama wanavyovuka kwa daraja la Mtambaswala. Mwenyekiti wa kijiji cha kando ya mto awe na daftari: mbuzi wangapi wameingia, wametoka wapi, kwa kibali gani, wamefikia kwa nani. Huyo aliyefikiwa awafunge peke yao siku 21, mbali na kisima wanachonywea wengine, na afisa mifugo apite angalau mara mbili kuwapima joto.