Kabla hujafuata mshahara mkubwa, shika kikokotoo na daftari

Kwa miaka 14 kazi yangu imekuwa uhasibu wa mishahara. Ukikalia kiti hiki unajua mengi usiyotaka kuyajua: nani anakatwa mkopo hadi hati yake ya mshahara inatia huruma, nani analipwa kuliko aliyemfundisha kazi. Na anayeacha kazi hupitia kwangu mwishoni, nimhesabie haki zake. Wengi huniambia jambo moja: "Nimepata kwingine, wanalipa." Wachache hunipigia simu miezi kadhaa baadaye kuuliza, kwa sauti ya chini, kama nafasi yao imeshajazwa.

Nami nilishapiga simu ya namna hiyo. Niliahidiwa nyongeza ya asilimia 40 nikaondoka ndani ya wiki mbili, mimi ninayeishi kwa hesabu, bila kupiga hesabu. Nilidumu miezi tisa. Utaratibu ufuatao niliutunga baada ya hapo, na ninaufuata hadi leo.

Anza na mshahara, maana ndio unaopimika. Tarakimu kubwa kwenye barua ya ajira isikushughulishe, uliza kitakachoingia mkononi. Pale ambapo kodi ya mapato hupanda kwa ngazi, nyongeza yako inaangukia ngazi ya juu kabisa uliyofikia, kwa hiyo inakatwa zaidi kuliko ile fedha uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kisha uliza ni kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho. Hapa ndipo watu hulizwa. Mara nyingi mchango wa pensheni, malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigiwa hesabu kwenye mshahara wa msingi, hivyo jumla inaweza kuwa kubwa na haki zako zikabaki ndogo. Bonasi isiyokuwa na kanuni yake ndani ya mkataba, ihesabu sifuri. Bima ya afya, uliza inamhudumia nani zaidi yako.

Ukishapata kiasi cha mkononi, kigawe kwa saa. Si saa za mkataba, bali tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapoufungua tena. Nikupe hesabu yangu. Kazi ya zamani ilikuwa saa 8, na safari dakika 25 kwenda na 25 kurudi: saa 8 na dakika 50. Kwa siku 22 za kazi ni kama saa 194 kwa mwezi. Kazi mpya ilikuwa saa 10 (mkataba ulisema 8, na mkataba husema mengi) pamoja na saa 3 za njiani: saa 13 kwa siku, 286 kwa mwezi. Ile asilimia 40, baada ya kodi, makato na nauli, ilibaki 31. Kama zamani nilipata 100 kwa saa 194, sasa nilipata 131 kwa saa 286. Kila saa yangu ilikuwa imeshuka bei kwa asilimia 11. Nilipandishwa mshahara nikajiuza rahisi.

Sasa kuridhika. Hili neno ni gunia, limejaa vitu visivyofanana, na ukiliweka zima kwenye mizani halitakuambia kitu. Lifungue. Nunua daftari dogo, na kwa siku 20 za kazi andika mistari miwili kabla hujatoka: saa gani leo ilipita bila mimi kuangalia saa, na jambo gani limenitia hamu ya kutorudi kesho. Usiandike "nimechoka" wala "sithaminiwi". Andika kilichotokea: "Taarifa ya idara ya usafirishaji imefika saa 11 jioni, nimebaki hadi saa 2 usiku."

Siku ya 20 rudi kwenye yale malalamiko, na mbele ya kila moja tia herufi. P kama pesa ingeliponya. M kama mazungumzo na bosi yangeliponya. H kama haliponyeki mahali hapo. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, malalamiko 11 kati ya 20 yalihusu taarifa zinazochelewa kutoka idara nyingine. Mimi nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba tatizo langu ni mshahara! P zilikuwa 3.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walikuta kitu kinachofanana na hiki walipowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 Marekani, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1959. Watu walipoeleza nyakati walizoipenda kazi, walitaja zaidi mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Walipoeleza nyakati za kuichukia, walitaja taratibu za kampuni, usimamizi na, ndiyo, mshahara. Nadharia yake imepingwa sana tangu hapo, lakini mgawanyo huo unanisaidia kusoma daftari. Mshahara mzuri unaweza kuniondolea kero, ila haujawahi kunifanya nisahau kuangalia saa.

Kuna mtego mmoja kwenye hizo P. Jiulize kama ulitaka pesa, au uliumia kujua jirani wa meza anapata zaidi. Mwaka 2012 David Card na wachumi wenzake watatu walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California walioelekezwa kwenye tovuti inayoonyesha mishahara ya wenzao. Waliogundua wako chini ya mshahara wa katikati wa kitengo chao waliridhika kidogo kuliko awali, tena wakaelekea zaidi kutafuta kazi kwingine. Waliokuwa juu hawakuridhika zaidi. Kama lako ni hilo, huko uendako nako kuna jirani wa meza.

Baada ya hapo jiulize maswali mawili, ujijibu kwa sauti. Wakikupa mshahara ule mpya hapo hapo ulipo, bado ungeondoka? Na ile kazi mpya, ungeichukua kwa mshahara unaopata sasa? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, nenda. Ukijibu hapana kwa yote mawili, unachotafuta ni nyongeza, basi kaiombe, na barua ya watu wengine usiigeuze fimbo ya kumtishia bosi kama huko kwenyewe huna nia ya kwenda.

Huko uendako, swali moja kwenye usaili linatosha: aliyekuwa na nafasi hii yuko wapi? Wakikuambia alipandishwa cheo, vizuri. Wakitazamana, umeshajibiwa. Mtafute pia mtu aliyekwishaondoka pale, kwa kuwa hana cha kuogopa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nakubaliana nao, ila hawakusema ufanye nini mbachao ukishatoboka. Na kama una deni linalokunyima usingizi, au mgonjwa anayekutegemea, chukua pesa, usimwombe mtu radhi. Wanaokuhubiria kwamba pesa si kila kitu, mara nyingi hati zao za mishahara nimeziandaa mimi.

Mimi baada ya lile daftari nilikuwa na barua ya ajira kwingine, yenye nyongeza ya asilimia 18. Sikuionyesha kwa bosi. Nilimwonyesha ile mistari 11, nikaomba idara zote zilete taarifa ifikapo tarehe 20. Alikubali, na barua nikairudisha kwa shukrani. Mwaka uliofuata ilikuja nyingine ya asilimia 12 tu, saa zikiwa pungufu, na kazi yenyewe ikiwa ya kusanifu mfumo wa mishahara badala ya kuulisha tarakimu. Maswali yote mawili nilijibu ndiyo. Nilisubiri mkataba uliosainiwa, nikausoma mara mbili, ndipo nikaandika notisi. Daftari niliendelea nalo muda wote wa kipindi cha majaribio, maana huo ndio wakati ambao nao wanakupima na wewe una haki ya kuwapima.