Kutunza balkoni ya kioo Goma: majivu, maji ya ziwa na weupe usiotoka

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Himbi alinipigia simu, sauti imekaribia kilio. Alikuwa amehamia etaji (ghorofa) ya nne kwenye jumba linaloangalia ziwa. Balkoni yote ni kioo, na miezi michache tu ilikuwa imepita, lakini kioo kilikuwa kimefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. "Mwanangu, nakisugua kila asubuhi," akaniambia. Nilikwenda Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, nikarudi kwangu usiku.

Mimi ni fundi wa aluminiamu na vioo hapa Goma. Naandika kwa ajili ya wote wanaohamia nyumba za namna hii, kwa sababu mji wetu una mambo mawili ambayo kioo hakiyapendi: vumbi la volkano na maji ya Kivu.

Hatua ya 1: Jua kioo chako ni cha aina gani

Angalia kwenye pembe. Kioo kigumu, kile mafundi wanakiita trampe, mara nyingi kina muhuri mdogo usiofutika. Feyete ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Ukitazama ukingo wake kwa ubavu utauona mstari wa utando huo. Trampe ina nguvu mara nne au tano kuliko kioo cha kawaida, lakini ikivunjika inamwagika yote kwa mara moja, vipande vidogo kama punje za mahindi, na unabaki na uwazi mbele yako. Feyete ikipasuka hubaki imeshikamana. Kama balkoni yako haina bomba la kushikia juu ya kioo, usikubali trampe peke yake. Pima na urefu pia: kuanzia sakafuni, chini ya mita 1 ni hatari.

Hatua ya 2: Vifaa

Rakleti, kile kifuta maji chenye ukingo wa mpira, na mpira uwe mzima, vitambaa laini, ndoo mbili, sabuni ya maji ya vyombo, siki nyeupe, na mti mrefu wa kuunganisha na rakleti kwa ajili ya upande wa nje. Sabuni ya unga siitaki kabisa karibu na kioo, punje zake hazimalizi kuyeyuka. Wembe pia siutaki. Najua mafundi wengi wanautumia na wana haraka, lakini chembe moja ya mchanga chini ya wembe inachora mstari ambao hautaondoka. Tumia kadi ya plastiki.

Hatua ya 3: Maji kwanza, mkono baadaye

Vumbi la Goma ni jiwe la volkano lililosagwa, na majivu ya volkano zetu, Nyiragongo au Nyamulagira, yakianguka, yana chembe ngumu kuliko kioo chenyewe. Ukipitisha kitambaa kikavu, unapiga msasa. Mwagia maji kuanzia juu, acha yateremke, mwagia tena. Mpaka maji ya chini yawe safi, mkono usiguse kioo. Na majivu yasilale kwenye kioo siku nyingi yakiwa na unyevu, kwa sababu yanabeba asidi ya moshi wa volkano, ile ile inayokula mabati yetu.

Hatua ya 4: Tambua weupe kabla ya kuushambulia

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipokwisha. Shangazi ana vipande vitatu vya kioo. Nilivitazama vyote nikasema moja kwa moja: chokaa. Nikachanganya siki, nikaanza. Cha kwanza kikang'aa ndani ya nusu saa. Cha pili nikakipaka siki mara tatu, mara nne, nikaongeza limao, nikabadilisha kitambaa, hakuna kitu. Cha tatu vilevile. Saa tatu zikapita, shangazi analeta chai na kuchungulia bila kusema neno. Kosa langu lilikuwa kudhani weupe wote ni mmoja. Uko wa aina nne, na kila aina ina njia yake.

Wa kwanza ni chumvi ya ziwa. Maji ya Kivu yana kama gramu 1 ya chumvi na madini kwa kila lita, na ni ya magadi, si ya asidi. Maana yake bidoni ya lita 20 inaweza kuacha gramu 20 za unga ikikauka. Mji unajua shida ya maji, watu wanachota ziwani, na mtu anayeosha balkoni kwa maji hayo bila kuyafuta anapaka chokaa kila siku. Utautambua hivi: alama zina umbo la matone na michirizi, na ukipitisha ukucha unasikia ukavu wa kukwaruza. Loweka kitambaa kwa siki, kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, kibandike juu ya alama dakika 10, suuza, rudia. Siki isidondokee saruji wala marimari.

Wa pili ni saruji. Tafuta kama juu yako kuna anayepiga lipu au kumwaga zege. Michirizi inaanzia pale ukingo wa sakafu ya juu unapodondosha maji, na inashuka wima. Saruji mbichi inakula kioo. Ukiiona siku hiyo hiyo, mwagia maji mengi na itaondoka. Ikikaa wiki kadhaa, hata baada ya kuitoa utakuta kivuli kimebaki ndani ya kioo. Tafadhali usikubali fundi akuletee ile asidi ya kusafishia vigae. Inaharibu vibano vya inoksi, vile vya chuma kisichoshika kutu vinavyoshikilia kioo, kabla haijasaidia kioo. Panda ngazi, zungumza na jirani wa juu kwa heshima, mwombe atandike turubai.

Wa tatu ni mikwaruzo. Hiki ndicho kilikuwa kioo cha pili cha shangazi. Mchana unaonekana kama ukungu wa kawaida. Niligundua jioni tu, umeme ulipokatika nikawasha tochi ya simu na kuimulika kando ya kioo. Mwanga ulipolala juu yake yakatokea maduara, mamia ya maduara membamba, yanafuata kabisa mzunguko wa mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mlangoni. Ni asubuhi zote za kitambaa kikavu. Nikamwonyesha shangazi, akaweka kiganja chake juu ya duara moja akakizungusha, likalingana. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya ukweli: hayatoki. Kuna unga wa kung'arisha wa oksidi ya seriamu unaopunguza mikwaruzo myepesi sana, lakini ukisugua sana sehemu moja kioo kinaanza kupinda picha ya ziwa. Mimi sipendekezi. Afadhali kuishi nayo na kuanza leo kuosha kwa maji.

Wa nne uko ndani ya feyete yenyewe. Ukipapasa huhisi chochote, si upande wa ndani wala wa nje, kioo ni laini, lakini kuna ukanda kama maziwa unaopanda kutoka ukingoni. Kwa kioo cha tatu ulikuwa umefika vidole vitatu kutoka chini. Huo si uchafu. Ni utando unaoachana na kioo kwa sababu ukingo umekaa ndani ya maji. Siki haifiki huko, na hakuna dawa inayofika. Kilichobaki ni kuzuia usipande zaidi, na hiyo ni Hatua ya 6.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua kitambaa: ukucha, halafu tone moja la siki, halafu tochi usiku. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 5: Osha

Asubuhi kabla jua halijagonga kioo. Sabuni kidogo, rakleti kutoka juu, futa mpira kila mara. Hata maji ya mwisho yakiwa ya bomba au yaliyochujwa, kioo kisikauke chenyewe, kifute. Upande wa nje tumia mti ukiwa umesimama ndani, na mti ufungwe kamba kwenye mkono wako, kuna watu chini. Usipande kiti. Pasipofikika, lipa fundi mwenye mkanda wa usalama.

Hatua ya 6: Mfereji wa chini

Kioo kingi kimesimama ndani ya mfereji wa aluminiamu wenye matundu ya kutolea maji. Mimina kikombe kimoja cha maji upande mmoja na ungoje. Yakitoka ndani ya dakika moja, vizuri. Kwa shangazi hayakutoka kabisa. Majivu yalikuwa yameshuka na mvua, yakakauka, yakawa tope gumu, na matundu mawili fundi wa kwanza alikuwa ameyaziba kwa silikoni akidhani anazuia maji. Nilikata silikoni kwa uangalifu, nikachokoa kwa kipande cha waya wa umeme ukiwa bado na ganda lake la plastiki, chuma kisiguse ukingo wa kioo, kwa sababu ukingo ndio udhaifu wa trampe. Vikombe viwili vya tope la kijivu vilitoka. Usitoboe tundu jipya wewe mwenyewe. Rudia kipimo cha kikombe kila mwezi wakati wa mvua.

Ukihitaji kuziba upya, nunua silikoni ya nyutro. Ile inayonuka siki ikikauka inaharibu utando wa feyete na kuchafua chuma. Kule madukani Birere watakuambia zote ni sawa. Si sawa, soma bomba lake.

Hatua ya 7: Vibano

Viwe vya inoksi ya daraja la 316. Ya 304 inatoka madoa ya kahawia kwa hewa yetu. Sumaku ikinata kwa nguvu, si yoyote kati ya hizo, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Kaza kwa mkono mwepesi, na mpira wa katikati usikosekane.

Hatua ya 8: Kuishi nayo

Mbabula, jiko la makaa, ikae mbali na kioo, hata kama upepo wa ziwa unakulazimisha kuisogeza pembeni. Feyete isiyo ya trampe inaweza kupasuka ikipata joto upande mmoja. Usianike vitenge vilivyolowa juu ya ukingo, na vyungu vya maua na viti visiegemee pale mtoto anaweza kupanda.

Tangu Mei 2021, mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 na matetemeko yaliyofuata mpaka watu wakaambiwa waondoke mjini tarehe 27, mimi huwaambia wateja wote jambo hili: ardhi ikitikisika, kabla hujarudi kuegemea kioo, kagua vibano vyote, sukuma kwa kiganja taratibu ukisikiliza mlio, na tazama pembe za chini. Feyete ikiwa na ufa, hata wa kidole, funga mlango wa balkoni, weka meza mbele yake watoto wasipite, na umwite fundi siku hiyo. Apime kabla ya kuagiza kingine, maana trampe haikatwi wala kutobolewa ikishatoka kiwandani. Na kisiletwe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Kioo cha tatu cha shangazi nimekipiga picha na rula pembeni: sentimita 5 na nusu. Nitarudi mwisho wa mwezi kupima tena.