Kama unatamani seti ya Lego yenye duka la kwetu, anza hivi

Mwanangu ana miaka tisa, na picha anayoipenda kuliko zote ni ile ya nyumba za Lego zilizopangwa bega kwa bega kama mtaa mzima. Wanaozikusanya huziita modula. Ya kwanza, Café Corner, ilitoka 2007, na tangu hapo karibu kila mwaka mtaa huongezewa nyumba: duka la vitabu, kituo cha polisi, hoteli, klabu ya jazi, jumba la makumbusho. Siku moja aliikagua picha ile nyumba kwa nyumba, kisha akaniuliza, "Mama, duka letu liko wapi?"

Mimi nauza vitambaa Biashara Street, huu mwaka wa kumi na moja. Swali lile lilinigusa. Sasa nina kibao cha Lego cha vinundu 32 kwa 32, yaani vile vidoa vilivyoinuka vya kushikia matofali, juu ya meza ya kulia chakula, na nyumba inapanda. Ukiwa nawe una nyumba unayotamani itoke, usikae ukiisubiri. Ijenge, uitume kwa Lego.

Kwanza chagua nyumba unayoingia kila siku. Watu wa Nairobi wengi hukimbilia KICC, lile jumba refu la mikutano la mjini. Naipenda sana, lakini piga hesabu: ina mita 105, na mtu wa Lego ana kimo cha sentimita 4 hivi, maana yake kila kitu kinapungua kama mara 42. KICC ya kuingiliwa na watu hao ingekuwa na mita mbili na nusu. Ingegonga dari la nyumba yangu! Jengo kama hilo linafaa kwa mfululizo wa Architecture, ule wa majengo madogo madogo ya kuweka juu ya kabati. Modula inataka duka, ngazi, chumba cha mtu anayeishi juu. Na usidharau kilichochakaa. Mholanzi Robert Bontenbal alipendekeza duka la vifaa vya uvuvi, mbao zake kuukuu, na mwaka 2017 likatoka likiwa seti ya vipande 2,049.

Ukishachagua, kapime. Mimi nilienda Jumapili asubuhi milango ikiwa imefungwa, nikahesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta: saba. Hatua yangu ni sentimita 75, basi mita tano na robo. Gawa kwa 42, unapata sentimita 12 na nusu. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kwa hiyo vinundu 15 na nusu, nikafanya 16. Nilifurahi mno, kwa sababu 16 ni nusu kamili ya kibao: maduka mawili yanakaa ubavu kwa ubavu, kama yalivyo kweli. Dari za majengo yale ya zamani ni za juu, kama mita nne, na hiyo ni matofali kumi ya Lego, kila moja milimita 9.6. Mbele acha nafasi ya watu kupita. Kila ghorofa iwe inabanduka yote kwa mkono mmoja, maana ndivyo modula zilivyo, na bila hivyo mtoto hafiki ndani.

Vipande vyangu vingi vimetoka Gikomba, kwenye mafungu ya vinyago vya mtumba. Angalia juu ya kila kinundu: neno LEGO limeandikwa kwa herufi ndogo sana. Lisipokuwepo, rudisha. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40. Fungu langu la kwanza nililimwagia maji yaliyochemka nikitaka kuua uchafu wote, na matofali kadhaa yakapinda, hayakushikana tena.

Sasa ndani, na hapa usiwe na haraka. Duka la vitambaa bila majora ni chumba kitupu. Nilijaribu vipande vingi kabla ya kugundua tofali la mviringo la kinundu kimoja. Pandanisha matatu ya rangi moja: unapata karibu milimita 29, ambayo ukiizidisha mara 42 ni mita moja na ushee, upana wa jora lenyewe. Yasimamishe ukutani yakibanana, kumi na manne kwa mstari, na usiyapange kwa upinde wa mvua. Dukani kwetu kijani cha sare za shule ndicho kingi, halafu bluu, halafu vipande vichache vya rangi ya sherehe. Kanga nimezitengeneza kwa vipande bapa vilivyoning'inizwa kwenye kijiti juu ya mlango. Vitundike viwili viwili vya rangi moja, kwa sababu kanga huuzwa doti. Mteja wa kwetu ataliona kosa hilo kabla hajaona kitu kingine.

Juu nimemweka fundi. Cherehani yake ni matofali meusi matatu na kile kipande cha bomba la maji, cheusi pia, kikiinama kama mkono wa mashine. Kwenye paa kuna tangi jeusi na kamba ya nguo.

Halafu ipe nyumba hadithi. Katika Detective's Office, modula ya 2015, kuna biskuti za magendo, unazifuata chumba hadi chumba. Mimi nimechagua harusi: jora moja la rangi ya dhahabu limekatwa dukani chini, lipo nusu juu ya meza ya fundi, na limekamilika gauni kwenye dirisha.

Ukimaliza, ichore upya kwenye Studio, programu ya bure ya BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya Lego, ambalo tangu 2019 ni mali ya Lego. Itakuhesabia vipande na kukutolea picha safi. Tuma kwenye Lego Ideas, tovuti ya Lego ya kupokea mawazo ya seti kutoka kwa watu. Una siku 60 kupata watu 100 wa kukuunga mkono, kisha muda unaongezwa kwa hatua, na ukifika 10,000 kampuni inaikagua. Kufika hapo si ahadi ya kutengenezewa, nyingi hukataliwa. Ikipita, mwenye wazo hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Picha ya kwanza iwe ya mlango ulio wazi, majora yakionekana.

Kwangu zimebaki ngazi za kwenda kwa fundi. Zinaingia ndani ya rafu kwa vinundu viwili, na mwanangu anasema tuzipindishe kushoto. Leo jioni tutajaribu.