Kabla hujaing'oa injini ya 504 yako

Jiulize kwanza kama kweli unaihitaji injini nyingine. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 kwa injini yake yenyewe, na nyingi ninazoletewa hapa Malindi zinalia kabureta tu, au gasketi. Ukishaamua kwamba unataka injini ya nozeli, inayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, hizi tunazoziita EFI, weka pochi mfukoni ushike futi.

Inua boneti. Injini ya 504 imelazwa ubavu, kama nyuzi 45, ndiyo maana boneti imekaa chini vile. Injini nyingi za Kijapani husimama karibu wima. Iliyopimwa kwa macho dukani huja kugota boneti kwa juu, au sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikakalia chuma cha mbele kinachobeba usukani. Pima urefu wa juu na wa chini, uende navyo vipimo hivyo kwa muuzaji.

Kisha ingia chini ya gari, na hapa ndipo wengi wanapokwama pesa zikiwa zimeshakwisha. Propela shafti ya 504 haiko wazi kama ya Hilux. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kutoka gia boksi hadi difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, na bomba hilo ndilo linaloishika difu isijipinde gari linapovuta. Gia boksi ya Toyota haitakubali kufungwa pale. Ama ubaki na gia boksi ya Peugeot na mkereza vyuma akuchongee bamba la kuiunganisha na injini mpya, ama ubadilishe ekseli ya nyuma nzima. Mimi naipendelea ya kwanza. Ya pili inataka kulehemu mahali panapobeba uzito wa gari, na si kila mwenye mashine ya kulehemu anaiweza.

Injini usiinunue peke yake. Tafuta gari zima lililogongwa nyuma, ulichukue na waya zake zote, kompyuta, sensa, kanyagio la mafuta na hata ufunguo, kwa sababu kompyuta nyingine haziwashi injini bila kuutambua ufunguo wake. Waya zilizokatwa kwa kisu dukani zitakula wiki za fundi wako kuliko injini yenyewe. Kabla haijatolewa iwashe ukiwa umesimama pale, na kila plagi ya waya uipige picha na kuiandika jina.

Mafuta nayaomba uyachukulie kwa uzito. Pampu ya kabureta husukuma kwa nguvu ndogo, haifiki hata bar 1, kipimo cha msukumo. Nozeli zinataka takriban bar 3. Ule mpira wa mafuta wa zamani utapasuka, na petroli itarukia egzosi iliyo moto. Ami yangu aliungua mkono namna hiyo, na gari likateketea lote. Nunua mpira ulioandikwa R9, yaani wa injini za nozeli, na klipu zake zinazobana mduara wote. Tangi lisafishwe kutu, liwe na njia ya kurudishia mafuta kama injini yako inaitaka, na pampu ikae mahali isipovuta hewa gari linapokata kona na mafuta yamebaki kidogo.

Sisi wa pwani tuna na chumvi. Upepo wa bahari hula shaba ndani ya plagi za waya, na sensa inayosoma vibaya huifanya kompyuta imwage mafuta bila hesabu. Kompyuta iweke ndani ya gari wanakokaa abiria, si chini ya boneti. Athi, zile waya za kurudisha umeme, ziwe nene, kutoka betri hadi injini na kutoka injini hadi bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi kisha kikapakwa grisi.

Redieta na breki vilingane na nguvu mpya. Breki zianze kabla ya injini.

Karatasi usiziache za mwisho. Namba ya injini imo kwenye logibuku, kwa hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, wataka kujulishwa na gari kukaguliwa. Omba risiti na hati za forodha siku ile ile unayolipa, na bima yako ijue.

Injini ya zamani isiende kwa wanunua chuma chakavu. Mimina mafuta ya injini kidogo kwenye kila silinda, ifunge turubali, uiweke juu ya mbao, mpaka hiyo mpya iende Mombasa na kurudi, kama kilomita 240, taa ya injini isiwake.